Mkuu wa Kituo wa Sehemu ya Tatu

Kaka yangu alikuwa akisema kwamba askari wa filamu ya vichekesho haanguki ovyo, anaanguka kwa mpango. Alinifundisha hayo akiwa amekaa kizingitini mwa sebule niliyoifanya chumba changu cha kushonea, nyumbani kwetu Kasingirima, Ujiji, akimenya muhogo kwa kisu changu cha kufumulia nyuzi, nami nikimwambia aache kukiharibu.

"Sehemu ya kwanza," alisema, "askari anajiona mkubwa. Anatembea katikati ya barabara, anamfokea mama muuza karanga, anampigia filimbi kila mtu. Mtazamaji amchukie kidogo. Sehemu ya pili, anadhalilika. Kila anachoshika kinamponyoka, kila anayemkimbiza anamzunguka. Hapo mtazamaji anacheka mpaka anaanza kumhurumia. Sehemu ya tatu anamkamata mwizi, lakini si kwa akili zake. Anamkamata kwa kumwangukia."

"Na asipoanguka?"

"Basi hiyo si komedi. Hiyo ni taarifa ya habari."

Mimi ndiye niliyekuwa naandika. Filamu yote alikuwa nayo kichwani, lakini mwandiko wake hata yeye mwenyewe ulimshinda kusoma, kwa hiyo alisema nami nikaandika kwenye daftari kubwa la jalada gumu ambalo upande mmoja lilikuwa na vipimo vya wateja wangu. Kaka alikuwa fundi simu pale Gungu. Kwa miaka kadhaa alikuwa anajirekodi vipande vifupi vya kuanguka na kuvirusha mtandaoni: anaanguka na baiskeli, anaanguka na ndoo, anaangukia beseni la dagaa. Watu wa Gungu walimwita Afande, maana kila mara alijifanya askari. Sasa alitaka filamu kamili, ya saa nzima, iliyo na mwanzo na mwisho, watu waketi kwenye banda la video waitazame.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mwizi anakwenda kituoni kuripoti kwamba ameibiwa baiskeli. Askari anaandika maelezo kwa bidii, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza: rangi nyekundu, kengele ya shaba, tandiko limeshonwa kwa uzi mweupe. Anapoingia ndani kutafuta muhuri, mwizi anatoka na kuchukua baiskeli iliyoegeshwa mlangoni, ya askari mwenyewe, nyekundu, ya kengele ya shaba, yenye tandiko lililoshonwa kwa uzi mweupe. Kuanzia hapo ni kukimbizana tu, kutoka mitaa ya Ujiji mpaka ufukweni.

"Mtazamaji ajue kabla ya askari," kaka alinisisitizia. "Ukimwaga mawese mlangoni, kamera iyaone kwanza, halafu ndipo askari aje na buti zake. Asiyejua ndiye anayechekesha."

Niliandika hivyo hivyo, nikaipigia mstari.

Sare nilishona mimi. Sare za kweli hazichezewi, tulijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo nilitafuta kitambaa ambacho hakuna jeshi lolote duniani lingekivaa. Nilikuwa na zambarau iliyobaki kwenye oda ya sare za harusi. Nikashona suruali, shati lenye mifuko minne, na kofia ambayo nilichelewa kuimaliza.

Sasa niseme habari za baba, maana bila yeye nisingekuwa na sababu ya kuandika haya.

Baba alikuwa polisi, ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima wake. Alizunguka mikoa, tukazaliwa kwenye nyumba za kota, akastaafu akiwa sajini, akarudi Ujiji alikozaliwa. Alitamani sana kaka naye aingie polisi. Kaka alikwenda kwenye usaili mara mbili, mara mbili akarudishwa. Mara ya pili baba alimsindikiza. Alivaa shati lililonyooshwa likanyooka, akasimama nje juani pamoja na wazazi wengine, na vijana waliokuwa wakipita na nyota mabegani hawakujua yeye ni nani. Walirudi nyumbani kwa miguu, mmoja mbele mwingine nyuma. Mama aliuliza, "Imekuwaje?" Baba akapita moja kwa moja ndani. Baada ya hapo ndipo kaka alipoanza kuanguka mbele ya simu. Wakati ule sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Baba nadhani aliyaunganisha, kwa sababu hakuwahi kutazama kipande hata kimoja.

Mama alifariki. Haikupita miaka mingi, baba akaanza kusahau. Mwanzoni tulidhani ni uzee tu: ameweka miwani ndani ya sufuria, amemuuliza jirani habari za mtu aliyekufa zamani. Kisha akaanza kumuulizia mama. Mara ya kwanza nilimwambia ukweli.

"Mama alishatangulia, baba. Tulimzika wote."

Alikaa chini palepale uani akalia kama ndiyo kwanza anapata msiba. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia tena, akalia tena. Mara ya tatu sikuweza. Nikasema, "Ameenda sokoni."

"Akirudi mwambie asinisubiri," akasema. "Nina lindo."

Daktari alituambia ugonjwa huo haurudi nyuma, unakwenda mbele tu. Ukaenda mbele. Asubuhi baba alikuwa anaamka na kutafuta buti. Kumlisha ikawa ugomvi, kumwogesha ikawa vita. Baba akawa anamwita kaka mhuni. Mimi kuna siku alinisukuma nikajigonga kwenye cherehani, akasema tumemfungia katika nyumba ya watu.

Siku kaka alipokuja kujaribu sare, baba alikuwa amelala. Kaka alikuwa amesimama katikati ya chumba, mimi nimepiga magoti napinda suruali miguuni, pini mdomoni. Mlango wa ndani ukafunguka. Baba akamtazama kaka toka chini hadi juu. Mgongo wake, uliokuwa umeinama tangu mama afe, ukanyooka.

"Koplo," alisema. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mtoto. "Kofia yako iko wapi?"

Kaka, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa mzaha, alibana visigino na kupiga saluti. "Iko kwa fundi, afande."

Baba akanigeukia. "Fundi, inakwisha lini?"

Nikatoa pini mdomoni. "Kesho asubuhi, afande."

"Na rangi hii?"

"Zimebadilishwa, afande. Ndizo sare mpya."

Alitikisa kichwa polepole. "Hawa wakubwa," alisema. Akaenda kunawa mikono, akakaa mkekani, akala sahani nzima ya wali bila kubembelezwa.

Tangu siku hiyo sare ikawa dawa yetu. Kaka alikuwa anakuja asubuhi kabla ya kwenda kufungua kibanda chake, anavaa zambarau, anasimama mlangoni mwa baba na kusema, "Afande, gwaride saa mbili." Baba anaoga. Anakula. Anakagua kucha za kaka, anamkemea kwa kutonyoa ndevu. Kuna asubuhi nilikuwa nashona huku nawasikia wakicheka pamoja ndani, sauti mbili nzito, na nikazima cherehani ili nisikie vizuri.

Filamu ilikuwa imekwama. Sehemu ya kwanza na ya pili walishazirekodi. Mpiga picha alikuwa kijana wa Gungu anayepiga harusi, na mwizi alikuwa dereva wa bodaboda, rafiki wa kaka, mwembamba mwenye mbio kama swala. Lakini sehemu ya tatu haikuchekesha. Nilishaiandika mara nne. Kila nikimfikisha askari ufukweni na kumwangusha juu ya mwizi, kisa kinakufa.

"Amekosekana mtu," kaka alisema. "Askari anamkimbiza mwizi, sawa. Lakini askari mwenyewe anamwogopa nani?"

"Mkuu wa kituo."

"Na mkuu wa kituo tunaye humu ndani."

Nilielewa mara moja, nikajifanya sijaelewa. Kisha nikasema, "Baba hajui kama ni mchezo."

"Ndiyo maana atakuwa mzuri."

"Ndiyo maana ni vibaya, kaka."

Aliichezea kofia. "Jana alicheka," akasema. "Ulimsikia? Mimi baba hajawahi kucheka na mimi. Hajawahi. Nimefika umri huu."

Ningependa kuandika kwamba nilikubali kwa sababu ya maneno hayo. Ni kweli kwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa daftari. Sehemu ya tatu ilikuwa imenishinda kwa wiki nyingi, na mara tu kaka alipotaja mkuu wa kituo niliiona yote, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Mkuu wa kituo asikike tu akifoka katika sehemu ya kwanza, aogopwe katika ya pili, na katika ya tatu atokeze mwenyewe ufukweni, mzee kumbe, amekaa kwenye kiti, na mbele yake mwizi na askari waangukiane kwenye lundo la nyavu. Niliandika mchana kutwa bila kuinua kalamu. Nilifurahi. Sitalikana hilo.

Tulianza na mahojiano ya mwizi kituoni, pale pale sebuleni. Nilimshonea baba shati la zambarau lenye nyota, nikamweka nyuma ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Mwizi aliletwa akiwa amefungwa pingu za plastiki. Kwenye daftari nilikuwa nimemwandikia baba neno moja tu, "Ongea," kaka amwambie kwa kumnong'oneza. Hakuhitaji kunong'onezwa. Aliweka viganja vyote viwili juu ya meza, akamtazama yule dereva wa bodaboda bila kupepesa.

"Jina lako?"

Mwizi akataja jina la kwenye filamu.

"Hilo si jina lako," baba akasema kwa upole.

Dereva wa bodaboda akaanza kutoka jasho. Akataja jina lake la kweli.

"Umeiba nini?"

"Baiskeli, mzee."

"Na kingine?"

Mwizi wetu akasahau mistari yote niliyomwandikia, akaungama kwamba alipokuwa shule ya msingi aliiba kuku wa jirani, jogoo, na jirani akampiga mke wake kwa kudhani yeye ndiye aliyemchinja. Alisema hivyo machozi yakimlengalenga. Kaka alikuwa amejiziba mdomo kwa kofia asicheke.

"Andika," baba alimwambia kaka. Kisha akamgeukia mtuhumiwa. "Umekula?"

"Hapana, mzee."

"Fundi, mletee chakula. Mtu hahojiwi na njaa."

Nikaleta ugali na samaki, mgebuka uliobaki mchana. Kazi ikasimama. Mwizi akala akiwa na pingu mkononi, mkuu wa kituo akimtazama kama anavyotazamwa mgeni, na baba akamsogezea bakuli la mchuzi. Kamera ilikuwa bado inazunguka. Hakukuwa na kuanguka kokote katika sehemu ile, na ilikuwa ndiyo sehemu bora kuliko zote tulizowahi kurekodi. Sote tulijua. Laiti tungeishia hapo.

Baada ya siku chache tukaenda ufukweni, asubuhi, jua likiwa bado dogo. Ziwa lilikuwa limepanda miaka hiyo. Palipokuwa na vibanda vya kuuzia chai sasa palikuwa maji, na kuta za chini za vibanda hivyo zilibaki humo humo, hazionekani. Akina mama walikuwa wanaanika dagaa kwenye vichanja. Kaka aliwaambia tunarekodi komedi, wakafurahi, wakaacha kazi wakaja kutazama. Nilimwekea baba kiti mchangani, nikamtundikia filimbi shingoni.

"Afande, utakaa hapa," nilimwambia. "Wakipita, piga filimbi tu. Usiinuke."

"Mwizi yuko wapi?"

"Koplo anamfuatilia."

Akaitikia kwa kichwa. Akaketi wima, mikono magotini.

Mwizi akatokea upande wa vichanja akisukuma baiskeli nyekundu, kaka nyuma yake, buti moja mguuni, nyingine mkononi, kama tulivyopanga. Akina mama wakaanza kucheka. Baba akapiga filimbi. Ilitoka kali, ndefu, ya mtu aliyeipiga maisha yake yote. Kisha akainuka.

Sijui nguvu zile alizitoa wapi. Mzee ambaye nyumbani nilikuwa namshika mkono kumpeleka chooni alikimbia. Alikimbia vizuri, viwiko vimebana mbavuni, kichwa mbele. Mwizi alipomwona alipigwa na butwaa, akatupa baiskeli, akakwepa kwa kuingia majini, na baba akaingia nyuma yake na viatu vyake. Maji yalimfika magotini. Akanyoosha mkono, akalikamata shati la mwizi mgongoni, na papo hapo mguu wake ukagonga ukuta uliokuwa chini ya maji. Wakaanguka wote wawili. Maji yakaruka. Kofia ya zambarau ikaelea peke yake.

Ufuko mzima ulicheka. Akina mama walishikana mabega. Mpiga picha alikuwa akitikisika huku akijitahidi kuituliza kamera. Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti, labda pumzi mbili, tatu, kwa sababu ilikuwa sawasawa na nilivyoiandika na ilikuwa nzuri kuliko nilivyoiandika. Asiyejua ndiye anayechekesha, na pale ufukweni wote tulijua isipokuwa mtu mmoja.

Nilinyamaza nilipoona kaka ametupa buti na anakimbia kweli.

Baba alikuwa amekaa ndani ya maji, mguu umegeuka mahali ambapo mguu haugeuki. Uso ulikuwa umebadilika rangi, lakini mkono haukuachia shati. "Nimemkamata," alisema. "Koplo, pingu."

"Baba, umeumia. Mwachie."

"Pingu, koplo!"

Mwizi alikuwa analia. "Nifunge, kaka," alimwambia kaka yangu. "Nifunge tu, mzee apumzike." Akanyoosha mikono mwenyewe. Kaka akamfunga zile pingu za plastiki, akakosa tundu mara mbili. Ziliposhika ndipo baba alipofungua ngumi. Mmoja wa akina mama alivua kanga yake ya juu akaja nayo majini kumfunika.

Tulimpeleka hospitali kwa gari lililokuwa limekuja kubeba dagaa. Nyonga ilikuwa imevunjika. Walimtibu kadiri walivyoweza, lakini mfupa wa umri ule hauungi kwa haraka, na akili ile haikuweza kukumbuka kwamba haitakiwi kusimama. Kila akizinduka alijaribu kushuka kitandani. Wauguzi aliwaambia ameumia kazini. Mmoja wao, dada mwenye sauti ndogo, alimjibu, "Pole sana, afande," na kila zamu yake alimsalimu hivyo bila kuambiwa na mtu.

Tukarudi naye nyumbani. Kitanda tukakiweka sebuleni, karibu na cherehani yangu, nipate kumgeuza huku nafanya kazi. Wiki moja alikuwa amelala pale nyuma ya pazia, mteja mmoja akaja kupimwa gauni. Nilikuwa nampima kiuno, akacheka peke yake, akanigeuzia simu.

"Hebu mwone huyu mzee, dada. Utacheka ufe."

Kumbe mtu pale ufukweni naye alirekodi. Nilimwona baba anakimbia, anaanguka, kofia inaelea. Kulikuwa na vicheko nyuma, vingi, na nilisikiliza mpaka nikakitambua changu. Baba alikohoa nyuma ya pazia.

"Anachekesha," nilisema. Nikaandika kiuno. Sijawahi kumwambia mteja yule. Gauni nililishona, akalipenda.

Kaka aliacha kwenda kibandani. Alikuwa anakuja kila asubuhi na sare yake, kwa sababu baba bila sare hakubali dawa. Alikuwa amekonda na zambarau inamning'inia. Siku moja, baba akiwa amelala kimya tangu alfajiri, kaka alipiga saluti kama kawaida, baba akamtazama muda mrefu. Kisha akamwita kwa jina lake. Jina la utotoni, alilokuwa anaitwa nyumbani kota.

Nilisimamisha cherehani.

"Mwanangu," baba alisema. "Mbona umevaa hivyo? Wamekuchukua?"

Kaka alinitazama. Hata ningekuwa na daftari nisingejua niandike nini.

"Wamekuchukua polisi?"

"Ndiyo, baba," kaka akasema. "Wamenichukua."

Baba alianza kulia, taratibu, bila sauti, machozi yakimwingia masikioni kwa kuwa alikuwa chali. "Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Alisemaje?"

"Alifurahi."

Baba akamshika mkono wa shati, akawa anaupapasa pale kwenye kishono kama anayejaribu ubora wa kitambaa. Akasema, "Usipokee kitu cha mtu. Na usimpige mtuhumiwa." Kaka akasema sawa, baba. Alikaa pale ukingoni mwa kitanda mpaka baba akasinzia, akatoka uani, akavua lile shati akalifua, akalianika, akabaki amesimama kifua wazi akilitazama linavyodondosha maji.

Hakuwa amezinduka namna ile kabla, na hakuzinduka hivyo tena. Kifua kilimbana wiki zilizofuata, akafariki siku ya Ijumaa kabla ya adhuhuri. Alizikwa siku hiyo hiyo alasiri. Dereva wa bodaboda alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na walinisimulia kwamba alikataa kupokewa zamu mpaka makaburini.

Mimi na kaka tulivumilia bila kulaumiana mpaka baada ya arobaini. Siku tuliyokuwa tunarudisha masufuria ya watu ndipo mpiga picha alipokuja. Alikuwa mnyenyekevu, alisimama mlangoni kofia mkononi. Alitaka kujua vipande afanye navyo nini. Kaka akasema afute vyote. Mimi nikasema asifute, yale mahojiano abakishe.

"Unataka kuendelea kucheka?" kaka akaniuliza.

"Nataka sauti yake."

"Uliandika wewe," akasema. "Sehemu ya tatu ni mwandiko wako."

"Na sare ulimvalia wewe."

Mpiga picha aliinamisha kichwa, akaondoka bila kuaga. Tulikuwa tumeshayasema. Kila mmoja wetu alikuwa amejiambia maneno hayo hayo mara nyingi akiwa peke yake, lakini kusikia kutoka kwa mwingine ni jambo tofauti. Kaka alimalizia masufuria, akayapanga vizuri, makubwa chini madogo juu, akaenda zake.

Mwezi uliofuata akahamia Kalinzi, kijijini kwao mkewe, akapewa kipande cha shamba la kahawa. Hatukugombana tena. Tukanyamaziana tu, na kunyamaziana kwa ndugu kunaweza kudumu kuliko ugomvi. Mpiga picha alinipa vile vipande kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu. Mahojiano yamo, na ya ufukweni yamo pia, kwa sababu hakuthubutu kufuta. Nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya kopo la vifungo. Nimetazama mahojiano mara tatu. Ya ufukweni sijatazama, na nikifa kabla ya kuamua, mtu mwingine ataamua.

Mwaka huu, msimu wa kuchuma ulipofika, mke wa kaka alinipigia akasema kaka ana homa na buni zinaivia mtini, kama naweza kuja kusaidia siku mbili. Nilipanda bodaboda mpaka Kalinzi, baridi ya kule inakata masikio. Nilimkuta kaka amepona nusu, ameshaingia shambani na kikapu. Ana mvi. Watu wanaopita kwenye kijia wanamsalimia kwa Kiha naye anawajibu kwa Kiha, kwa heshima, hana mzaha na mtu. Huko hakuna anayemwita Afande.

"Shikamoo kaka," nilisema.

"Marahaba. Umefika salama?"

"Nimefika."

Akanipa kikapu. Tulichuma mistari miwili iliyopakana, nyekundu tu, mbichi tunaziacha. Mchana mkewe alituletea maharage na ndizi, tukala tumekaa chini. Aliniuliza kama bati la upande wa jikoni bado linavuja, nikamwambia linavuja. Akasema atashuka mvua zikipungua aje aligongomee. Baadaye mvua ikaja yenyewe, kubwa, tukakimbilia kibandani, tukakaa mlangoni tukiitazama inavyopiga majani. Alikuwa amekaa karibu nami kiasi kwamba bega lake lilinigusa, na hakulisogeza.

Asubuhi ya tatu alinisindikiza mpaka barabarani, akanitafutia bodaboda, akamwonya dereva asikimbize kwenye mteremko kwa sababu udongo umelowa.

"Ukifika piga," alisema.

Nilipofika nilipiga, hakupokea. Nikachukua kazi iliyokuwa inanisubiri, sketi za shule. Jioni akapiga yeye. Alisema alikuwa shambani, simu ameiacha ndani. Akauliza kama Ujiji nako mvua imenyesha. Nikamwambia haijanyesha, ila kuna wingu upande wa ziwa.